Damu ya Agano: Kuchanjiana kwa Wazee Wetu na Agano Jipya la Bwana

Masomo: Mwanzo 15:7–18, Kutoka 24:3–8, Yoshua 9, Waebrania 9:15–22.



Mwinjilisti mmoja wa huku Pemba ametuletea swali, nasi twaona ya kuwa si swali lake peke yake. Katika darasa lake la ubatizo yumo mtu mzima, mchuma karafuu, aliyekuja kutoka bara zamani. Ujanani mwake alichanjiana na mwenyeji mmoja wa hapa, Mwislamu, nao wamekaa kama ndugu wa tumbo moja miaka hiyo yote. Sasa mtu huyu ataka kubatizwa, naye auliza: Nikiingia katika agano la Kristo, je, agano langu la kwanza lavunjika? Likivunjika, ile laana tuliyoapizwa itaniangukia? Na ndugu yangu je, nimwache?

Wengine darasani wamemjibu upesi ya kuwa hayo ni mambo ya giza, ayatupe yote pamoja na huyo mtu. Wengine wamesema ni desturi tu ya wazee, haina neno. Majibu hayo mawili ni mepesi mno. La kwanza lamfanya Mkristo kuwa mtu asiyeaminika, na la pili lamwacha na hofu yake moyoni. Basi na tulitazame jambo lenyewe kwa utaratibu, kisha tulipeleke mbele ya Neno la Mungu.

1. Kuchanjiana kulikuwa nini

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki watu wengi waliijua desturi hii, ijapokuwa kila kabila lilikuwa na njia yake. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri toka pwani mpaka Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1857 hata 1859, aliandika ya kuwa iliitwa sare. Alieleza jinsi ilivyofanywa na Wazaramo, Wazigua na Wasagara. Watu wawili huketi juu ya ngozi wakitazamana, miguu yao imenyoshwa na kupishana, na pinde na mishale yao imelazwa mapajani. Mtu wa tatu husimama akipunga upanga juu ya vichwa vyao, akitaja kwa sauti kuu laana zitakazompata atakayeuvunja undugu. Kondoo huchinjwa, na nyama yake, mara nyingi moyo, huletwa ikiwa imechomwa. Kila mmoja huchanjwa kifuani, nyama hupakwa damu, nao huila.

Huko Buganda na kwa Wahaya wa Bukoba jambo hili liliitwa omukago. Hapo hawakutumia nyama bali buni ya kahawa. Buni moja ina mbegu mbili zilizolala pamoja katika ganda moja, na kila mmoja humeza mbegu iliyopakwa damu ya mwenziwe. Mfano huu wajieleza wenyewe: wawili wametoka katika ganda moja.

Tukizitazama njia hizi zote twaona mambo manne yasiyokosekana. Kwanza, ni watu wawili, na wote wawili hutoka damu. Pili, wapo mashahidi, maana agano si siri. Tatu, ipo laana iliyowekwa mlangoni kama mlinzi. Nne, zipo kazi za undugu: kumkaribisha mwenzio na kumlisha, kutoshiriki shauri la kumdhuru, kumsaidia vitani na katika deni, kumzika, na kuwatazama watoto wake akifa. Undugu huu haukuwa wa maneno matupu. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana, na waliochanjiana waliijua maana ya methali hiyo.

2. Kwa nini watu waliutafuta undugu huu

Mtu aliyezaliwa katika ukoo mkubwa, mwenye baba na wajomba na mashamba, hana haja kubwa ya kuchanjiana. Lakini msafiri katika nchi ya wageni, mpagazi katika msafara, mfanya biashara asiyejua kesho atalala wapi, hao walihitaji mtu wa kuwasemea. Katika siku zile mtu asiye na ndugu alikuwa kama kuku asiye na banda, kila mwewe aweza kumchukua.

Sisi wa Pemba twaweza kulifahamu hili kuliko wengine. Mwaka 1872 tufani kuu iliing'oa mikarafuu mingi sana ya Unguja, lakini Pemba haikupigwa vile, na baadaye sehemu iliyo kubwa ya karafuu za visiwa hivi ikatoka kwetu. Mashamba hayo yalilimwa na mikono ya watumwa walioletwa kutoka bara, kutoka Unyasa na Uyao, Uzaramo na Manyema. Watu hao walinyang'anywa uhuru wao, tena walinyang'anywa ukoo. Mtu alifika Chake Chake au Wete bila baba wala mama, bila mjomba wa kumwombea, na hata jina lake mara nyingi lilibadilishwa. Akiugua, nani atamletea maji? Akifa, nani atasema huyu ni wetu? Twaweza kufahamu basi jinsi neno ndugu lilivyokuwa na thamani kwa mtu wa namna hiyo.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kwamba mahakama za Unguja na Pemba zisiutambue tena utumwa. Mwaka ule ule wamisionari wa Marafiki kutoka Uingereza walianza kazi hapa Pemba kati ya waliotoka utumwani. Kwa hiyo baadhi ya wasikiaji wa kwanza wa Injili katika kisiwa hiki walikuwa watu wasio na ukoo. Mtume Paulo awaandikia Waefeso ya kuwa wale waliokuwa mbali wameletwa karibu kwa damu ya Kristo (Waefeso 2:13). Na tulikumbuke neno hilo, maana tutalirudia.

3. Upungufu wa agano la watu wawili

Desturi hii ilikuwa na uzuri wake, hatukatai. Lakini yatupasa kuuona na upungufu wake, maana habari za nchi yetu zauonyesha wazi.

Mwezi wa Aprili mwaka 1876 Henry Stanley alikutana na Mirambo, mtemi hodari wa Unyamwezi, mahali paitwapo Serombo. Waliketi wakatazamana, wakachanjwa miguuni, damu yao ikabadilishwa. Aliyewachanja, Manwa Sera, akatamka laana: atakayeuvunja undugu huu na aliwe na simba, aumwe na nyoka, chakula chake kiwe kichungu, rafiki zake wamkimbie, na bunduki yake impasukie mikononi. Angalieni jinsi laana zilivyo nyingi. Mtu hajengi ukuta mrefu asipoogopa wezi. Laana zile zashuhudia ya kuwa waliochanjiana waliujua moyo wa mwanadamu. Walijua kwamba waweza kugeuka.

Nayo kweli iligeuka. Mwishoni mwa mwaka 1884 Karl Peters alipita Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami akiwatafuta majumbe. Kwa baadhi yao alifanya undugu wa damu, kisha akawapa karatasi za Kijerumani watie alama zao. Majumbe walidhani wamepata ndugu. Karatasi zilisema wametoa nchi yao. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani aliziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake, na watu wa huko wakaja kujua baadaye maana ya urafiki ule.

Kadhalika mwezi wa Oktoba mwaka 1890 Frederick Lugard alichanjiana na Waiyaki wa Hinga huko Dagoretti katika nchi ya Wakikuyu, ili Kampuni ya Waingereza ipate kukaa kwa amani. Amani ile haikudumu. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa na watu wa Kampuni, akafa safarini huko Kibwezi.

Basi damu ya watu wawili yaweza kuonyesha nia njema ya siku moja, lakini haiwezi kuumba moyo mwaminifu. Yule mwenye hila huitumia kama mtego, na yule mwenye moyo safi hukaa na hofu ya laana mpaka kaburini.

4. Agano katika Maandiko Matakatifu

Wasomaji wengi wamejua ya kuwa Waebrania wa kale hawakusema kufanya agano, walisema kukata agano. Neno lao lafanana na letu la kuchanjiana, kwa kuwa lataja kisu. Tusistaajabu. Mungu alisema na Abramu kwa desturi ambazo Abramu alizijua.

Katika Mwanzo sura ya 15 Abramu aliambiwa alete mtamba, mbuzi jike na kondoo dume, kila mmoja wa miaka mitatu, pamoja na hua na mwana wa njiwa. Akawapasua wale wanyama vipande viwili, akaviweka vikielekeana. Maana ya jambo hili twaiona katika Yeremia 34:18–20: wafanyao agano hupita kati ya vile vipande, kana kwamba wasema, nikilivunja na nifanywe kama mnyama huyu. Hiyo ni laana ile ile tuliyoitaja.

Sasa angalieni sana. Ilikuwa yapasa wote wawili wapite. Lakini jua lilipokuwa likichwa usingizi mzito ulimshika Abramu. Naye alipokuwa amelala, tanuru ya moshi na mwenge wa moto vilipita kati ya vile vipande. Mungu alipita peke yake. Abramu hakupita. Mzigo wote wa agano na laana yake yote Mungu alijitwika mwenyewe. Hapa twaona jambo lisilopata kuonekana katika maagano ya wazee wetu.

Katika Kutoka sura ya 24 Musa alitwaa damu ya ng'ombe, nusu akainyunyiza juu ya madhabahu, nusu juu ya watu. Hakuna mtu aliyechanjwa, wala hakuna aliyeinywa damu ile. Tena Walawi 17 yakataza kabisa kula damu, kwa sababu uhai wa kila mnyama umo katika damu yake, na uhai ni mali ya Mungu. Mitume nao waliwaagiza Wakristo wa mataifa wajiepushe na damu (Matendo 15:20). Kwa hiyo yatupasa kutenganisha mambo. Katika ngoma za pepo watu huinywa damu ya mnyama aliyechinjwa ili kumridhisha pepo. Hilo si agano la Mungu hata kidogo. Ni kulipa kodi kwa bwana asiyeshiba.

5. Agano Jipya: mmoja tu ndiye aliyetoka damu

Usiku ule aliotolewa, Bwana Yesu alikishika kikombe akakiita agano jipya katika damu yake (Luka 22:20). Wanafunzi kumi na wawili walikuwapo. Hakuna hata mmoja wao aliyeambiwa alete mkono wake uchanjwe. Mmoja wao alikuwa amekwisha kuuza undugu kwa vipande thelathini vya fedha. Mwingine kabla ya jogoo kuwika angekana mara tatu. Wote wangekimbia. Kama agano hili lingalisimama juu ya damu mbili, lingalianguka usiku ule ule. Lakini lilisimama juu ya damu moja, nalo halikuanguka.

Na laana je? Paulo awaambia Wagalatia ya kuwa Kristo alitukomboa kwa kufanywa yeye mwenyewe laana kwa ajili yetu (Wagalatia 3:13). Aliye mwaminifu alichukua adhabu ya wavunjao agano. Lile alilolionyesha Mungu usiku wa Abramu, alilitimiza mchana wa Ijumaa Kuu.

Ndiyo maana Martin Luther, alipoandika mwaka 1520 juu ya Sakramenti, alipenda sana kulifananisha agano hili na wasia. Wasia si mapatano ya watu wawili. Ni neno la mtu aliye karibu kufa, awagawiaye warithi wake mali yake. Mrithi hatoi kitu. Apokea na kuamini. Waraka kwa Waebrania wafundisha hivyo hivyo, ya kuwa wasia hupata nguvu alipokwisha kufa aliyeuandika (Waebrania 9:16–17). Na Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 yatuelekeza tuyashike hasa yale maneno yasemayo ya kuwa mwili na damu vilitolewa kwa ajili yetu.

Huenda mwanafunzi akauliza: Ikiwa damu imekatazwa, mbona twapewa damu ya Kristo katika Chakula cha Bwana? Mjibuni hivi: Damu ilikatazwa kwa sababu uhai ni wa Mungu, wala mwanadamu asiutwae kwa nguvu. Lakini hapa mwenye uhai mwenyewe autoa kwa hiari yake. Hatuutwai, twapewa. Wala hatumfungi Mungu kwa kiapo. Yeye ndiye aliyejifunga kwetu kwa ahadi. Na wahenga wetu husema ahadi ni deni. Mungu amependa kuwa mdeni wa ahadi yake mwenyewe.

6. Jibu kwa mwulizaji

Sasa turudi kwa yule ndugu wa darasa la ubatizo.

Juu ya laana aambiwe waziwazi: isikutishe tena. Laana iliyo kubwa kuliko hiyo imekwisha kuchukuliwa. Asiende kwa mganga kuitegua, maana kwenda huko ni kusema ya kuwa damu ya Kristo haikutosha.

Juu ya ndugu yake, asimwache. Someni habari za Wagibeoni katika Yoshua sura ya 9. Walipata kiapo kwa hila, tena hawakuwa Waisraeli. Hata hivyo Yoshua na wakuu walikataa kukivunja, kwa kuwa waliapa kwa Bwana. Miaka mingi baadaye Sauli alipowaua baadhi yao, njaa ya miaka mitatu iliijia nchi, na Mungu akamwonyesha Daudi ya kuwa sababu ni kosa lile (2 Samweli 21). Ikiwa Mungu aliwatetea Wagibeoni waliodanganya, je, atapendezwa na Mkristo amwachaye Mwislamu aliyemtendea mema miaka yote? Ubatizo wamfanya mtu kuwa mwaminifu zaidi, haumpi ruhusa ya kukimbia deni.

Kwa hiyo, kabla ya siku ya ubatizo, na aende yeye mwenyewe kwa ndugu yake, wala asimwachie kusikia habari njiani au sokoni. Na amwambie kwa heshima: Hofu ya laana imeniondoka, lakini undugu haukuniondoka, tangu leo nitakutendea mema si kwa kuogopa upanga uliopungwa juu yetu, bali kwa sababu Mungu amenitendea mema bure. Ndugu huyo akiugua, amwuguze. Akifa, na aende mazikoni, asaidie kuchimba, akae matangani, awatazame yatima. Katika sala zisizo zetu atakaa kimya kwa adabu. Katika kazi za huruma asiwe wa mwisho.

Na mtu akitaka leo kuchanjiana upya? Hapana. Damu iliyohitajiwa imekwisha kumwagika mara moja tu. Tena wembe mmoja ukipita katika miili miwili waweza kuchukua maradhi ya kufisha, kama UKIMWI, nao hao wataka kupeana uzima.

7. Neno kwa sharika zetu

Limebaki neno moja, nalo latuchoma sisi wenyewe. Wazee waliogawana moyo wa kondoo walijua kama mwenziwe amelala njaa. Sisi tunaoshiriki kikombe kimoja, je, twajua nani hakuja Jumapili na kwa nini? Mgeni atokaye bara kwa msimu wa karafuu, akiketi katika benchi ya nyuma, je, amepata ukoo, ama ameondoka kama alivyokuja?

Daudi na Yonathani walifanya agano. Yonathani alipokwisha kufa, Daudi aliuliza kama yuko aliyesalia wa nyumba ya Sauli apate kumtendea mema. Akaletewa Mefiboshethi, kiwete wa miguu yote miwili, asiye na cha kulipa, naye akala mezani pa mfalme siku zote kwa ajili ya mtu mwingine (2 Samweli 9). Hivyo ndivyo tulivyo sisi katika Meza ya Bwana. Tumeketishwa kwa ajili ya Mwingine. Na aliyeketishwa hivyo hawezi kumwambia mwenziwe, wewe si wa ukoo wetu.

Maswali ya darasa

1. Taja mambo manne yaliyokuwamo katika kuchanjiana. Ni lipi lililo jema, na lipi lenye hofu?
2. Katika Mwanzo 15, ni nani aliyepita kati ya vipande? Abramu alikuwa akifanya nini? Jambo hili lafundisha nini juu ya neema?
3. Agano na wasia vyatofautianaje? Soma Waebrania 9:15–17.
4. Mtu aliyeapa kabla ya kubatizwa afanye nini na kiapo chake? Linganisha Yoshua 9 na 2 Samweli 21.
5. Katika usharika wenu yuko nani asiye na ndugu? Mmepanga kumtendea nini kabla ya Chakula cha Bwana kijacho?

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote.